Bima Niliyomkatia Mdogo Wangu

Mara ya mwisho kuliona gari la mdogo wangu lilikuwa nyuma ya kituo cha polisi, chini ya mwarobaini, pamoja na pikipiki zilizokamatwa na matatu moja isiyo na magurudumu. Ubavu wa kushoto ulikuwa umebonyea, mlango haufunguki. Kioo cha nyuma hakikuwepo, na kuku wa askari mmoja alikuwa amejitafutia makao kwenye kiti: mayai manne, juu ya kitambaa cha maua ambacho Mama alikishona kwa mkono wake siku gari lilipofika nyumbani. Mdogo wangu aliyatazama yale mayai muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Dada, kwani hii bima ulinikatia ya nini?"

Swali lile halijanitoka moyoni, kwa sababu bima ile niliiuza mimi. Nina miaka kumi na mmoja katika kazi ya uwakala wa bima hapa Mombasa. Watu huniletea nakala ya kitambulisho, logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, na namba ya PIN ya kodi, nami nawapigia hesabu. Ya mdogo wangu naikumbuka yote. Gari lilithaminiwa KSh 850,000, kampuni ikataka asilimia 4, yaani KSh 34,000. Tukaongeza tozo za kisheria za asilimia 0.45, ambazo ni KSh 153, na KSh 40 za stempu. Jumla KSh 34,193. Akatuma kwa M-Pesa akiwa jikoni hotelini anakopika, na jioni hiyo hiyo nikampelekea cheti. "Sasa umefunikwa," nikamwambia, "hata nazi ikikuangukia juu ya paa." Kitabu cha bima chenyewe, kile chenye masharti, nilimtumia kwa simu. Hakukifungua. Wala sikumwambia akifungue.

Ndani ya kitabu kile mna orodha ya mambo ambayo kampuni haiyalipi, na katika orodha hiyo mna mstari mmoja mfupi: kampuni haitawajibika kwa hasara itakayotokea gari likiendeshwa na mwenye bima akiwa amelewa pombe au dawa za kulevya. Mstari huo, kwa maneno hayo au yanayokaribiana nayo, nimeukuta karibu katika kila bima ya gari niliyowahi kuuza. Sijawahi kuusoma kwa sauti mbele ya mteja. Ni vigumu kumtazama usoni mtu anayekupa pesa zake ukamuuliza kama hunywa, na akishakunywa, huwa anaendesha nani.

Usiku wenyewe nitausimulia kwa ufupi. Ilikuwa Jumamosi. Mwenzake wa jikoni alikuwa amepata kazi Qatar, wakaenda Mtwapa kumuaga. Saa nane za usiku mdogo wangu akashika usukani kurudi mjini, na alipokaribia Shanzu akaihama njia yake, akaigonga tuktuk iliyokuwa inatoka upande wa pili. Hakufa mtu. Mwenye tuktuk alivunjika mfupa wa paja. Polisi walipofika walimpuliziza mdogo wangu kile kifaa ambacho watu wamezoea kukiita alkoblo. Kiwango kilichowekwa na kanuni za mwaka 2011 ni mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Yeye alikuwa amepita maradufu.

Jumatatu asubuhi alifikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki: kuendesha gari akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu. Adhabu yake ya juu ni faini ya KSh 500,000 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Tulipozisikia takwimu hizo Mama alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Wote waliokuwa pale kwenye benchi walikuwa na shauri moja, na shauri hilo ni lile lile unalolisikia kila Jumatatu katika kila mahakama ya trafiki: kiri, omba msamaha, lipa, rudi kazini. Nami nilikuwa na shauri hilo hilo. Akakiri. Hakimu akamtoza KSh 70,000 na kumwondolea leseni kwa miezi 12. Saa sita tuko nje tunakunywa chai ya tangawizi kibandani, Mama anamshukuru Mungu, na mimi nahesabu kimoyomoyo: faini imelipwa, gari litatengenezwa na bima, mwenye tuktuk atalipwa na bima, yamekwisha.

Hakuna lililokuwa limekwisha, na mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 80, ina kifungu cha 47A. Kinasema mtu akishapatikana na hatia katika kesi ya jinai, na muda wa kukata rufaa ukapita, hukumu ile inakuwa ushahidi wa mwisho kwamba alilitenda kosa lile. Muda wa rufaa ni siku 14. Tena aliyekiri mwenyewe hawezi kurudi kuipinga hatia. Anachoweza kulalamikia ni adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au si halali. Basi neno lile moja alilolisema mdogo wangu saa nne asubuhi, "ni kweli", lilitoka katika mahakama ile likaenda kukaa katika kila faili ambalo jina lake lingeandikwa baada ya hapo. Mwenye tuktuk alipomshtaki kudai fidia, lilikuwa pale. Kampuni ilipoketi kulitazama dai lake, lilikuwa pale.

Naomba nieleweke hapa. Sisemi angekana. Alikuwa amelewa, alimvunja mtu mguu, na mtu yule alistahili kuusikia ukweli ukisemwa mbele ya hakimu. Ninachokilaumu ni kwamba alilisema akidhani analipa deni lote, na hakuna aliyemnong'oneza kwamba faini ile ndiyo ilikuwa sehemu ndogo. Angelijua, angalau asingeenda benki wiki ile kutoa akiba yake yote ili alipe faini na kuifuta siku ile kichwani.

Mtathmini alikuja, akapiga picha, akaandika kwamba gari halifai kutengenezwa. Nikafurahi, maana gari likishahesabiwa kuwa limekufa, kampuni hulipa thamani yake. Baada ya wiki tatu ikaja barua ya aya tatu. Ya kwanza inatoa pole. Ya pili inataja namba ya kesi, tarehe, na kifungu cha 44. Ya tatu inasema dai limekataliwa.

Nilitaka kupigana. Nilikuwa na mteja mmoja zamani ambaye kampuni ilimnyima kwa sababu karani wa hospitali aliandika kwenye kadi yake kwamba ananuka pombe. Yule tulimpigania tukashinda, kwa kuwa anayedai mteja alikuwa amelewa ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na harufu peke yake haithibitishi kwamba mtu alishindwa kulimudu gari. Naye hakuwa ameshtakiwa. Mtu akikosa fidia kwa namna ile, Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko, na malalamiko yenye msingi husikilizwa. Lakini wakili niliyemwonyesha barua ya mdogo wangu aliisoma mara moja tu, akaikunja, akanirudishia. Kampuni haikuwa na cha kuthibitisha tena. Tulikuwa tumeithibitishia sisi wenyewe, bure, kisha tukaenda kunywa chai.

Gari lilinunuliwa kwa mkopo wa sacco wa KSh 600,000, miezi 36. Kila mwisho wa mwezi KSh 19,900 na kitu zilikatwa kwenye mshahara wake hata kabla hajazigusa, kwa ajili ya gari ambalo kuku anataga ndani yake. Wadhamini wake ni wapishi wenzake wawili. Hakuweza kuacha kulipa bila kuwaangusha watu ambao hawakuwepo Mtwapa usiku ule.

Sasa nije kwa mwenye tuktuk, maana hapa ndipo sheria ilipofanya jambo ambalo kila nikilifikiria naliheshimu.

Tulikwenda kumwona, mimi na Mama, tukiwa na unga, sukari na machungwa. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu umewekwa vyuma. Alichukua picha yake ya eksirei chini ya godoro, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha ili tuione, na mfupa ulionekana umevunjika mshazari, kama muwa uliokatwa kwa panga butu. Mama alitazama pembeni. Mtu yule hakutupandishia sauti. Aliniuliza neno moja: "Mama, kampuni itanilipa kweli, na huyu bwana alikuwa amelewa?"

Nilimjibu ndiyo, na nilikuwa na haki ya kumjibu hivyo. Bima ya mtu wa tatu, ile inayomfidia aliyegongwa, nchini Kenya haiko chini ya mapenzi ya kampuni wala ya mwenye gari. Iko chini ya sheria yake yenyewe, Sura ya 405. Kifungu cha 16 kinaizuia kampuni kumnyima majeruhi fidia kwa kusingizia umri wa dereva au hali yake ya mwili na akili, na ulevi ni hali ya mwili na akili. Kifungu cha 10 kinaiamuru ilipe hukumu aliyoipata majeruhi, hata kama ina haki ya kuivunja bima ile, hata kama imekwisha kuivunja. Kwa dai la mtu mmoja, kikomo ni KSh milioni 3. Kitu kinachotakiwa ni kampuni iarifiwe kuhusu kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Nilimwandikia siku hizo kwenye kipande cha karatasi, kwa tarakimu kubwa, nikamwambia ampe wakili wake. Kampuni niliyokuwa naiuzia bima isingenipongeza kwa karatasi ile. Niliiandika kwa sababu nimewaona majeruhi wengi wakipoteza haki yao kwa kuchelewesha barua moja.

Mlevi amekosa, asilipwe. Aliyegongwa hakukosa, alipwe. Waliotunga sheria ile waliliona hilo wazi, na nawashukuru kwa niaba ya mtu yule.

Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Alipewa KSh 1,240,000, na kampuni ikalipa. Mkopo wa sacco uliisha Februari, mdogo wangu akatupikia pilau nyumbani kusherehekea. Machi ikafika barua nyingine.

Barua hii ndiyo watu hawaijui, hata baadhi ya mawakala wenzangu hawaitaji. Sheria inailazimisha kampuni imlipe majeruhi, lakini haisemi kampuni imsamehe mwenye bima. Fedha ambazo isingezilipa kama si sheria kuilazimisha, ina haki ya kuzidai kutoka kwake. Na kwenye kitabu cha bima, kurasa chache baada ya ule mstari wa ulevi, kuna kipengele kinachosema hivyo hivyo: kampuni ikilipa kwa ajili ya sheria tu, mwenye bima atairejeshea. Kwa hiyo ile milioni na ushei haikuwa imetoka kwenye mfuko wa kampuni. Ilikuwa imekopeshwa kwa mdogo wangu bila yeye kuomba. Tulikwenda ofisini kwao, tukakaa kwenye viti vya ngozi chini ya kiyoyozi, tukabembeleza. Wakakubali KSh 10,000 kwa mwezi. Piga hesabu: miezi 124. Binti yake anayeingia chekechea mwaka huu atakuwa yuko sekondari kabla baba yake hajamaliza kulipia usiku mmoja.

Ningekuwa na nafasi ya kumwambia jambo moja kila mwenye gari, lingekuwa hilo. Bima kubwa, ile inayolifunika na gari lako mwenyewe, uliyoilipia pesa nyingi, ukipatikana na hatia ya ulevi, inaondoka upande wako wote. Kinachobaki ni upande wa mtu mwingine, nao unageuka kuwa deni lako.

Nitapita haraka kwa wale wanaowaazima wenzao magari. Someni ule mstari unavyosema. Katika vitabu vingine unamtaja mwenye bima peke yake. Katika vingine unaongeza "au mtu yeyote aendeshaye kwa ruhusa yake". Maneno hayo saba yanatosha kulibadilisha gari lako kuwa hasara yako kwa pombe aliyoinywa shemeji.

Leseni yake ilirudi. Hakuwa na haja nayo kwa muda, maana alikuwa anapanda matatu za Bamburi kama kila mtu, na pombe aliiacha pasipo kutangaza. Kisha mkewe akaanza kupika keki na samosa za harusi, oda zikaongezeka, na mwaka huu wakachanga wakanunua Probox kuukuu. Akanijia na logibuku. Nilimwekea kiti, nikafunga mlango, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikamsomea mteja kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti. Ilichukua saa nzima na dakika kama kumi. Tangu siku ile nawasomea wote, na wengine huudhika.

Tukafika kwenye fomu ya maombi. Katikati yake mna swali: je, wewe, au mtu yeyote atakayeliendesha gari hili, amewahi kupatikana na hatia ya kosa la uendeshaji katika miaka mitano iliyopita? Chini yake visanduku viwili, na mstari mmoja wa maelezo.

Mdogo wangu akaiinua kalamu. "Dada, nikiandika hapana, watajuaje?"

Nilimweleza kwanza upande wa pesa. Akiandika ndiyo, kampuni nyingine zitamkataa bima kubwa kabisa, nyingine zitamtaka asilimia 6 mahali pa 4 na kumwongezea eksesi, ile sehemu ya hasara anayoibeba mwenyewe. Sikumficha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuzipigia simu. Nikamkumbusha binamu yetu wa Dallas, ambaye baada ya kesi kama yake alilazimika kwa miaka miwili kuwa na cheti kinachoitwa SR-22, ambacho kampuni ya bima huipelekea serikali ya Texas kuithibitishia kwamba dereva huyu ana bima. Bima ikikatika, kampuni inatoa taarifa na leseni inazuiwa. Kule hatia humfuata dereva kupitia kwa serikali. Hapa anaulizwa mwenyewe, kwa kalamu.

Kisha nikamweleza upande ambao mimi mwenyewe ndio unaoniuma zaidi. Kifungu kile cha 10 kinachomlinda majeruhi kina mlango mmoja. Kampuni ikienda mahakamani, kabla ya kesi ya majeruhi au ndani ya miezi mitatu tangu ifunguliwe, ikapata tamko kwamba mwenye bima aliipata bima ile kwa kuficha jambo kubwa au kwa kusema uongo, haitalipa kitu. Majeruhi atabaki na hukumu mkononi na dereva asiye na chochote. Ulevi wake haukumnyima mwenye tuktuk fidia. Uongo kwenye kisanduku hiki ungeweza kumnyima mtu mwingine kama yeye, mtu ambaye bado hatujamjua, anayeamka alfajiri kutafuta riziki na hajawahi kuiona fomu hii.

Mdogo wangu alinyamaza. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, hadi sauti ikapotea. Akaweka alama kwenye ndiyo. Akaanza kuandika maelezo kwa mwandiko wake wa jikoni, herufi kubwa kama za majina ya vyakula kwenye mitungi: tarehe, mahakama, kifungu, faini, miezi 12. Mstari ukajaa. Akahamia pambizoni, na pambizo likajaa. Akaigeuza karatasi, na huko nyuma, peke yake katikati ya weupe, akaliandika jina la mwenye tuktuk, ijapokuwa fomu haikuliuliza.